Kodi ya pesa ya nyumba: wenye nyumba wa Manono, tafuteni karatasi

Kila mwaka Februari ikikaribia, wenye nyumba wa Manono wanaulizana maneno yaleyale: kodi ni ngapi, na tunalipa kwa nani? Tangu litiamu ilete kampuni na wageni mjini, nyumba ambazo zamani zilipangishwa kwa neno la mdomo tu sasa zinaingiza pesa kila mwezi. Pesa ile iko na kodi yake. Tunaona heri tuieleze wazi, sababu pasipo kujua sheria, wajanja ndio wanakula.

Kwanza tusichanganye. Kodi ya mshahara, ile wanaita IPR, mwajiri anaikata na kuipeleka DGI. Kodi ya pesa ya nyumba, IRL, ni ya jimbo: Katiba ya 2006, artikle 204, iliiweka huko pamoja na impôt foncier na kodi ya magari. Basi mwalimu anayepangisha vyumba viwili asiseme "nilishakatwa kwenye mshahara". Ni kodi mbili. Na baba au mama anayelala katika nyumba yake mwenyewe hana IRL, sababu hakuna mpangaji. Anabaki na impôt foncier, ambayo inagusa hata kiwanja kisichojengwa.

Sasa hesabu. Sheria ya tarehe 10 Februari 1969, pamoja na mabadiliko yake, inaweka IRL kuwa 22% ya pesa yote ya nyumba. Mpangaji anakata 20% kila anapolipa, na anaipeleka kwa jimbo katika siku 10 za mwezi unaofuata. Ile 2% inayobaki, mwenye nyumba anaitangaza na kuilipa kufikia tarehe 1 Februari ya mwaka unaofuata. Tuchukue nyumba ya franka 300.000 kwa mwezi: mpangaji anakata 60.000, anakupa 240.000. Mwaka ukiisha amekata 720.000, na wewe unabaki na deni la 72.000 tu. Lakini kodi za jimbo zinaweza kubadilishwa na jimbo lenyewe; kabla ya kulipa, omba uone kiasi cha mwaka huu kwa maandishi.

Shida iko hapa: mpangaji anakata 20%, halafu pesa inabaki mfukoni mwake. Siku wakaguzi wanabisha mlango, yeye alishahama, na mwenye nyumba anasimama mikono mitupu. Ndiyo maana tunasema: kila mara akikukata, akupe kopi ya quittance. Hana kopi? Mwandikie barua na uchunge kopi yake. Na yule anayepita nyumba kwa nyumba na sakoshi, akiomba "kitu kidogo" ili faili ilale, huyo hakupi kodi iliyolipwa. Anakupa mwaka mmoja wa woga. Omba note de perception, lipa pale inapoonyesha, chunga quittance. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wengine wanaona njia fupi ni kuficha: hakuna contrat, hakuna kodi. Tunaelewa, 22% ni mzigo, tena inahesabiwa bila kutoa bei ya mabati wala ya rangi. Lakini bila contrat, siku mpangaji anakataa kulipa, utamshitaki na nini? Na mpangaji naye, akidaiwa garantie ya miezi sita, atajitetea namna gani, hata kama sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema nyumba ya kulala isipite miezi mitatu?

Kwa wakubwa wa Kalemie tuna neno pia. Manono ilitoa bati tangu wakati wa Géomines, na leo watu wanasikia habari za litiamu huku barabara zikiwashinda. Mtu wa namna hiyo halipi kwa moyo akiona kodi inaondoka tu. Bandikeni viwango vya kila mwaka kwenye ofisi ya teritwari na kwa mashefu wa mitaa, kwa Kiswahili. Tangazeni pia Manono imelipa ngapi na imerudishiwa nini. Raia tunamwomba achunge quittance yake. Jimbo nalo lionyeshe ya kwake.