Kuyapumzisha Macho si Uvivu

Juma hili tunapenda tutafakari pamoja juu ya kiungo tunachokitumikisha pasipo huruma: jicho. Karani huketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Jioni, akiwa ndani ya basi, huinamia simu. Na kabla ya kulala huitazama tena. Kisha hulalamika kwamba macho yanawasha, herufi zinafifia na kichwa kinamuuma.

Tufahamu kwanza chanzo chake. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi au zaidi kwa dakika. Akikikodolea kioo cha kompyuta au cha simu, hupepesa mara chache mno, na machozi yanayolilainisha jicho hukauka. Aidha, msuli mdogo uliomo ndani ya jicho, ambao hukaza ili tuone vitu vya karibu, hubaki umekaza kwa saa nyingi, mfano wa mkono uliobeba ndoo bila kuitua. Uchovu huo kwa kawaida haumpofushi mtu, lakini humwondolea utulivu na kuidhoofisha kazi yake.

Wengi hukimbilia kununua miwani ya kuchuja mwanga wa buluu. Hata hivyo, mapitio ya majaribio 17 yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2023 hayakuona kwamba, kwa muda mfupi, miwani hiyo hupunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida. Dawa ni kuitua ndoo. Kila baada ya dakika 20, tutazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Tukumbuke kupepesa macho. Kioo kiwe umbali wa mkono ulionyoshwa, chini kidogo ya usawa wa macho, wala kisiakisi mwanga wa dirishani.

Kwa maoni yetu, kikwazo kikubwa ni hofu ya kuitwa mvivu. Ni kweli kwamba ajizi ni nyumba ya njaa. Lakini wahenga hawakusema hivyo ili kumkataza mchovu asitue mzigo. Mwaka 1990 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo lililowataka waajiri kupanga kazi za kompyuta ziwe na vipindi vya mapumziko au vya kubadili shughuli. Wakuu wa ofisi zetu wanaweza kutenda hivyo bila kungoja kulazimishwa. Anayemnyima karani wake dakika hizo chache hujipunguzia mwenyewe kazi njema.

Nasi wazazi tuwaache watoto wacheze nje mchana, kwani tafiti zimeonyesha kwamba mwanga wa nje husaidia kuwakinga na tatizo la kutoona mbali.

Maumivu yakidumu, tumwone daktari wa macho, wala tusijinunulie dawa za matone kiholela. Kinga ni bora kuliko tiba.