Ivuna haimo kwenye ramani, kwa hiyo nimeamua kuichora

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu na wengine mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa nachora ramani. Kabla hamjanicheka, naomba mnisikilize, maana jambo lenyewe lilianza kama mchezo na sasa linaninyima usingizi.

Kuna gemu la kompyuta linaitwa Crusader Kings III. Lilitoka mwaka 2020, na waliolitengeneza ni Paradox, kampuni ya Stockholm kule Sweden. Ndani yake unakuwa mkuu wa ukoo katika zama za kati. Unaweza kuanza, kwa mfano, mwaka 867 au 1066, na gemu linaisha 1453. Una majirani pande zote. Kazi yako ni kuwaunganisha wawe chini yako: kwa kuoa kwao, kwa kupigana nao, kwa kuwahonga, hata kwa kuwasingizia. Ukifa, unaendelea kama mrithi wako. Mshkaji mmoja wa hosteli alinionyesha mwaka jana, na tangu siku hiyo bumu langu limekuwa likiishia kwenye bando.

Uzuri wake ni kwamba linafunguka. Sehemu kubwa ya maelezo yake imeandikwa kwenye faili za maandishi ya kawaida. Unafungua kwa Notepad, unabadilisha jina la mtawala, mwaka aliozaliwa, mkewe, dini yake. Ramani nayo ni picha, na kila eneo lina rangi yake ya pekee. Mtu akibadilisha vya kutosha anapata gemu jipya juu ya lile la zamani, na hiyo ndiyo wanaita modi.

Sasa kilichonikera. Ukishuka na ramani yake ya kawaida kwa upande wetu, unaikuta Ethiopia, unawakuta Wasomali, halafu karatasi inakatika. Kilwa ambayo Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 na kuisifia, haimo. Na siyo gemu hili tu. Kwenye Civilization VI, katika nyongeza ya mwaka 2018, Kilwa Kisiwani imo kama jengo la ajabu ambalo taifa lolote linaweza kulijenga, hata Japani. Lakini Waswahili wenyewe siyo taifa unaloweza kulichagua. Yaani nyumba ipo, mwenye nyumba hayupo.

Nikamwambia mwenzangu wa chumbani kwamba natengeneza modi. Akafurahi: "Weka Kilwa!" Nikamwambia Kilwa itakuwemo, lakini naanzia kwetu, Momba. Akacheka. "Mwanangu, Ndalambo kuna nini? Mahindi na malori yanayopita. Zama za kati gani huko?"

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka kusimama.

Wilaya yetu hiyohiyo ya Momba ina mahali panaitwa Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa. Kuna chemchemi za chumvi. Mwaka 1968 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichapisha matokeo ya kuchimba pale. Walikuta makazi ya watengeneza chumvi ya kati ya karne ya 13 na ya 15. Kazi yenyewe ni ya kuchuja udongo wenye chumvi kwa maji, halafu kuyachemsha maji yale kwenye vyungu mpaka chumvi ibaki. Kwa hiyo wakati sultani wa Kilwa anatengeneza sarafu zake, huku kwetu moshi ulikuwa unapanda Ivuna. Hizo ni zama za kati kamili. Wageni wakisikia Ivuna wanakumbuka kimondo kilichoanguka pale Desemba 1938, kama vile mpaka kitu kishuke kutoka mbinguni ndipo kwetu pawe na tarehe.

Na kwa nini inaniuma hivi? Kwa sababu ya BTP. Nilipokuwa mazoezini nilipewa historia kidato cha pili. Siku hiyo nafundisha biashara ya masafa marefu, nataja Kilwa, nataja Sofala, nataja dhahabu. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani sisi tulikuwepo?" Darasa likacheka, mimi sikucheka. Nilijibu kitu cha haraka haraka ambacho hata sikikumbuki, nikaendelea na notisi. Modi hii ni jibu langu lililochelewa.

Lakini nilipoanza kazi nikagonga ukuta. Gemu halikubali eneo lisilo na mtu. Kila eneo linataka mtawala mwenye jina na tarehe ya kuzaliwa. Kwa Uingereza ya mwaka 1066 hilo ni rahisi, vitabu vimejaa. Kwa Ivuna ya mwaka 1250 tunavyo vyungu na majivu. Chumvi haiandiki majina.

Mwenzangu akasema tia majina yoyote ya Kinyamwanga, nani atajua? Nikakataa, na nitawaambia kwa nini. Anayesema "nani atajua" anafikiria wachezaji wa Sweden. Mimi namfikiria yule mtoto wa nyuma. Akikuta jina nililolitunga usiku wa manane nikiwa na njaa, ataliandika kwenye mtihani. Na atakuwa amedanganywa na mwalimu wake mwenyewe, tena kwa nia njema.

Kuna njia ya pili ambayo watu wanaipenda zaidi, nayo naiona mbaya kuliko ya kwanza: kuchukua watu wa karne ya 19 na kuwarudisha nyuma. Mkwawa anatawala mwaka 1200, Mirambo ni jirani yake. Au unaweka yale matanuru marefu ya kuyeyushia chuma ya Ufipa, yanayojaa hewa yenyewe bila mivuo. Yanayofahamika vizuri ni ya karne ya 19 na ya 20. Ukiyapeleka 1200 kwa sababu tu ni ya Kiafrika, unachosema ni kwamba kwa miaka 600 hakuna kilichobadilika huku. Mbona hakuna anayemweka Napoleon mwaka 1066?

Basi nimeamua hivi. Eneo la Ivuna litakuwa na mtawala, lakini ataitwa kwa kazi yake: Mwenye Chumvi. Mtu akibonyeza picha yake atasoma kwamba jina halikuhifadhiwa, na kwamba vyungu vyake vimepatikana. Kubuni siyo dhambi, hadithi zote zinabuniwa. Dhambi ni kubuni halafu kunyamaza.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, nalo ni neno lenyewe kuunganisha. Kwa gemu, kuunganisha ni kupaka ramani nzima rangi moja. Sasa tuangalie simulizi za kwetu. Habari za kale za Kilwa zinasema Ali bin Hasan hakuiteka Kilwa. Aliinunua kwa mwenyeji wake kwa nguo za kukizunguka kisiwa chote. Iwe kweli au isiwe, walioisimulia waliona nguo inatosha kueleza utawala ulivyoanza.

Majirani zetu Wafipa nao wanasimulia juu ya Milansi. Mkuu wake, Ntatakwa, alikwenda kuwinda. Nyuma wakafika wanawake watatu wageni, na kiongozi wao akakalia kiti cha utawala. Mwenyeji aliporudi hakukuwa na vita. Wageni, yaani ukoo wa Watwa, wakachukua utawala, yeye akabaki na Milansi na heshima ya mwenye nchi. Mmoja ana kiti, mwingine ana ardhi, na hakuna anayeweza kumfuta mwenzake. Baadaye utawala wa Watwa wenyewe uligawanyika, ukawa Nkansi na Lyangalile.

Gemu halina kitufe cha jambo hilo. Kwake ukishindwa umeshindwa. Kwa hiyo kwenye modi yangu kutakuwa na kanuni ya Milansi: kila nchi ina kiti kinachoweza kuchukuliwa, na ina pahali ambapo hapachukuliki. Ukijaribu kupachukua kwa nguvu, watu wanahama usiku na asubuhi unatawala nyasi.

Na kutakuwa na kanuni ya kiangazi, hii nimeitunga mwenyewe na nitaandika hivyo. Kiangazi kikifika, mtu yeyote anayetaka chumvi anakwenda Ivuna bila silaha, hata kama ana ugomvi na jirani. Anayepigana kiangazi anakosa chumvi mwaka mzima. Ukitaka kuwa mkubwa Rukwa, waandalie majirani njia ya kufika kwenye vyungu. Nimeijaribu kwenye karatasi na washkaji wawili tukitumia vifuniko vya soda. Aliyeshinda ndiye aliyepigana kidogo kuliko wote, na aliyeshindwa alilalamika kwamba gemu halina adabu.

Najua mtaniambia naremba. Siremba. Munyigumba na mwanawe Mkwawa waliziunganisha himaya ndogo za Uhehe kwa mkuki, na waliotekwa hawakuulizwa maoni. Upanga utakuwemo. Ninachopinga ni upanga kuwa mlango pekee.

Pia mtaniambia hili ni gemu tu, nikasome UE. Haya, lakini sisi watu wa Momba tunajua ramani siyo mchezo. Mimi nilizaliwa Mbozi, mkoa wa Mbeya. Mwaka 2012 tukawa wilaya ya Momba. Mwaka 2016 tukawa mkoa wa Songwe. Mama hajahamisha hata figa moja la jikoni. Na kabla ya hapo, mwaka 1890, Wajerumani na Waingereza walikubaliana mpaka Ulaya, Wanyamwanga wakajikuta wengine huku, wengine upande ambao leo ni Zambia. Ukisimama Tunduma unaiona Nakonde, ni kuvuka tu. Babu alikuwa akisema anakwenda msibani "ng'ambo" kama anavyosema anakwenda shambani. Kwake hakukuwa na cha kuunganisha, maana hakuwahi kukubali kwamba wametengana.

Ndiyo maana nakataa kwamba umoja ni rangi moja kwenye picha. Sisi tumepakwa rangi nyingi na watu waliokaa mbali. Kilichotushikilia ni misiba, ndoa, mbegu za kuazimana, na zamani hizo, chumvi. Gemu likiweza kumfundisha mtoto wa kidato cha pili jambo hilo kwa vidole vyake mwenyewe, litakuwa limemfundisha zaidi ya notisi zangu zote za BTP.

Mpaka sasa nimechora maeneo 14. Ivuna nimeipa rangi nyeupe. Mwenzangu wa chumbani amechungulia juzi usiku, akakaa kimya, halafu akaniuliza kama kwao Same panaweza kuingia. Nikamwambia alete ushahidi kwanza.

Nawasilisha.