Ni Mbwa Tu

Msomaji wangu, yapo maneno matatu mafupi ambayo yameleta maumivu mengi katika vijiji vyetu. Maneno hayo ni haya: "Ni mbwa tu." Husemwa na mtu anayerusha jiwe. Husemwa na jirani anayetazama jiwe likirushwa. Na, ajabu kupita zote, husemwa na mwenye mbwa mwenyewe anapomkuta mnyama wake amelala katika damu. Nimekusudia kuyapinga maneno hayo. Sitayapinga kama mtu asiye na lawama, kwa sababu nami niliyasema, na aibu yake ningali ninayo.

Nyumbani kwetu, katika vilima vya Taita, tunaye mbwa aitwaye Simba. Hana asili ya sifa wala umbo la kuogofya. Ni mbwa wa kienyeji, mwekundu, mwenye sikio moja lililosimama na jingine lililolala. Mwaka fulani, wakati wa masika, kijana mmoja wa kijijini alipita njia ya mbele ya nyumba yetu usiku akitoka ulevini. Simba alimbwekea, kama ilivyo kazi yake. Kijana yule alikuwa na panga mkononi, akamkata. Asubuhi tulimkuta Simba chini ya ghala la mahindi, amekatwa toka bega hadi katikati ya mgongo, na nzi wamekwisha kukusanyika.

Mimi ni mwalimu. Nimefundishwa chuoni namna ya kulea watoto wa watu katika utu na adabu. Lakini nilipoliona jeraha lile, jambo la kwanza nililolifikiria lilikuwa gharama. Ilikuwa katikati ya mwezi, mfuko mtupu, na karo ya ndugu yangu ilikuwa haijalipwa. Nikasema, "Ni mbwa tu. Mwiteni mtu mwenye rungu ammalizie taabu yake." Binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 8, akanitazama akasema, "Baba, jana usiku alipobweka ulisema ni mlinzi wetu. Leo amekuwa mbwa tu?"

Sikuwa na jibu. Wala sidhani kwamba wewe, msomaji, ungekuwa nalo. Mlinzi akijeruhiwa kazini, mwajiri wake ana deni. Simba aliumizwa katika kazi tuliyompa sisi, mahali tulipomweka sisi. Kama alistahili sifa usiku alipobweka, alistahili dawa asubuhi alipokatwa. Basi nikakopa shilingi 3,500 kwa mwenzangu wa shuleni, na kazi ya kuuguza ikaanza.

Nitakueleza kazi hiyo kwa urefu, maana huruma isiyojua la kufanya aghalabu huongeza maumivu. Mbwa aliye katika uchungu aweza kumuuma hata yule ampendaye. Kwa hiyo tulimfunga mdomo kwa kitambaa laini, kwa muda mfupi tu, tukihakikisha kwamba anapumua vizuri na hatapiki. Palipokuwa pakitoka damu tulipakandamiza kwa kitambaa safi bila kukiinua kila mara kuchungulia, kwa kuwa damu hukatika ikikandamizwa kwa utulivu. Tulimlaza juu ya blanketi, watu wawili tukashika pembe zake, tukampandisha garini. Jirani mmoja alikuja mbio na chupa ya oili chafu ya gari ili tuimwage katika jeraha. Mwingine alishauri mafuta ya taa, na wa tatu majivu ya jikoni. Wote watatu walikuwa na nia njema, na wote watatu walikosea. Vitu hivyo huunguza nyama iliyo wazi, huingiza uchafu, na oili humdhuru mnyama anapojilamba.

Swali la kwanza la daktari wa mifugo lilikuwa, "Amechanjwa kichaa cha mbwa?" Nashukuru kwamba niliweza kuonyesha kadi yake. Daktari akampiga sindano ya usingizi, akanyoa manyoya, akasafisha jeraha, akalishona, akampa dawa ya kuua vijidudu. Alinionya nisimpe mbwa vidonge vya maumivu tunavyomeza sisi watu, maana vyaweza kuliharibu tumbo lake, ini lake au figo zake. Akatufundisha kuosha pembezoni mwa mshono kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita ya maji. Na ili Simba asiilambe na kuing'oa nyuzi, tulikata kitako cha ndoo ya plastiki, tukazungushia ukingo wake kitambaa, tukamvika shingoni. Watoto walimcheka, lakini nyuzi zilikaa mahali pake. Siku ya 12 zikatolewa.

Hapo nilidhani tumemaliza. Kumbe lile la mwili ndilo lililokuwa jepesi. Wahenga walisema kwamba mwenye kovu usidhani amepoa. Simba aliyekuwa akitulaki njiani sasa alijificha chini ya ghala. Nilipoinua jembe kwenda shambani, alijikunyata akakojoa kwa hofu. Mimi nilitaka kumvuta kwa kamba ili azoee. Binti yangu alikuwa na akili zaidi. Kila jioni aliketi chini umbali wa hatua kumi na kipande cha ugali mkononi, akisoma kitabu chake kwa sauti ya chini, bila kumwita wala kumkazia macho. Siku ya tatu Simba alisogea hatua mbili. Juma la tatu alikula mkononi mwake. Ilipita miezi miwili kabla hajaniamini mimi. Imani huvunjwa na pigo moja la panga, na hujengwa tena kwa kipande baada ya kipande cha ugali. Hapana njia ya mkato.

Sasa nawageukia wale wanaonipinga, nami nitazitaja hoja zao kwa haki.

Hoja ya kwanza husema kwamba watu wenyewe hawana dawa, basi kumtibu mbwa ni anasa ya matajiri. Hoja hii ina uzito, nami niliyekopa fedha nauhisi. Lakini nitakuonyesha ushahidi wa zamani. Mwaka 1914, katika machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn nchini Ujerumani, yaligunduliwa mabaki ya mwanamume, mwanamke na mbwa waliozikwa pamoja yapata miaka 14,000 iliyopita. Mwaka 2018 wataalamu waliotazama meno na mifupa ya mbwa yule walieleza kwamba alikuwa bado mdogo, wa miezi michache tu, na kwamba inaelekea alikuwa ameugua vibaya maradhi yanayoua watoto wa mbwa kwa homa, kuharisha na kifafa. Aliishi majuma kadhaa tangu kuugua, jambo ambalo haliyumkiniki bila mtu kumpa maji na chakula na kumsafisha. Watu wale walikuwa wawindaji. Hawakuwa na shamba, ghala, fedha wala hospitali. Mbwa mdogo mgonjwa hakuweza kuwasaidia kuwinda hata sungura. Hata hivyo walimuuguza. Kama maskini wale waliweza, sisi wenye sabuni, chumvi na sufuria tuna udhuru gani? Tena sijasema kwamba mbwa atangulie mtoto. Nasema kwamba maji ya chumvi na kitambaa safi havimnyang'anyi mtoto yeyote dawa yake.

Hoja ya pili husema kwamba mbwa ni mnyama wa kichaa, basi apigwe tu. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ni wa kuogopwa kweli. Ulithibitishwa hapa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na karibu watu 99 kati ya kila 100 wanaoupata duniani huupata kwa mbwa. Dalili zake zikianza kwa mtu, karibu hapana anayepona. Lakini ugonjwa huu haujapata kukomeshwa kwa mapanga. Hukomeshwa kwa chanjo. Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa mwaka 1885, na mtoto yule akapona. Siku hizi Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, maambukizo hukatika. Mwaka 2014 nchi yetu ilijiwekea mpango wa kuukomesha ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka 2030. Basi aliyemchanja mbwa wake ameulinda mtaa mzima. Yule anayeua mbwa aliyechanjwa huondoa kinga iliyokwisha kupatikana, na nafasi yake huchukuliwa na mbwa mwingine asiyechanjwa. Nawe ukiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile. Na ukimkuta mbwa usiyemjua amejeruhiwa, usimshike. Mwite mtu mzima na afisa wa mifugo.

Hoja ya tatu hutoka katika dini. Wengine hunena kwamba mbwa ni najisi. Jirani zangu Waislamu huosha chombo kilicholambwa na mbwa, nami naiheshimu sheria yao. Lakini unajisi wa mate ni jambo la kuosha vyombo. Haukutoa ruhusa ya kukata wala kuunguza. Katika hadithi za Mtume Muhammad kuna habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Wakristo nao husoma kwamba maskini Lazaro, alipokuwa amelala mlangoni pa tajiri, mbwa ndio waliomjia na kulamba vidonda vyake. Anayetafuta kisingizio cha ukatili na akitafute nje ya dini.

Hoja ya nne ndiyo ninayoiogopa, kwa kuwa ni ya kweli nusu. Husema, "Mbwa wenu ni mwizi. Alikula mayai yangu, alimuua kuku wangu." Yawezekana. Lakini nani alimwacha mbwa na njaa? Nani hakujenga ua? Mbwa wengi wanaomwagiwa maji ya moto majikoni mwa watu ni mbwa wenye wenyewe, waliofukuzwa kwa njaa kutoka nyumba zinazosema zina mbwa. Mwenye nyumba wa namna hiyo asilaumu jirani peke yake. Mkono wake pia upo katika birika lile. Kufuga ni ahadi ya chakula, maji, kivuli, chanjo na mipaka. Asiyeweza ahadi hiyo asifuge.

Huenda wauliza, yule kijana alifanywaje? Baadhi ya vijana wa ukoo wetu walitaka kwenda usiku kumpiga, wakisema dawa ya moto ni moto. Mama yangu aliwazuia mlangoni. Alisema, "Mkimkata yeye, kesho tutauguza wawili." Tulimpeleka kwa mzee wa kijiji. Huko nilimsomea kwamba Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama tangu miaka ya 1960, nayo ni Sura ya 360 ya sheria zetu, na kwamba kumtesa mnyama ni kosa la jinai mahakamani. Hakuwa amepata kuisikia. Alicheka mwanzoni, kisha akaacha kucheka. Aliahidi kulipa gharama zote. Amelipa nusu, na nusu nyingine ningali naidai. Lakini tangu siku ile hupita njia yetu mikono mitupu, na Simba akimwona huingia chini ya ghala. Sijui kama kuna adhabu kubwa kuliko kuogopwa hivyo na kiumbe ambacho hakikukukosea.

Msomaji wangu kijana, nimekuandikia wewe kwa sababu mkono wa kwanza unaookota jiwe kijijini aghalabu ni mkono wa mtoto wa shule, na hapo wakubwa hupita wakisema yale maneno matatu. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mtoto anayezoea kusikia kilio bila kugeuka huzoea sauti ya kilio, na akiisha kuizoea hachagui tena ni kilio cha nani. Leo ni mbwa tu. Kesho atasema ni punda tu, keshokutwa ni mjakazi tu, ni kichaa tu, ni mtoto wa maskini tu. Neno "tu" ni dogo, lakini ndilo mlango ambao ukatili wote hupitia.

Basi, utakapofunga kitabu hiki, nenda ukamtazame mbwa wa nyumbani kwenu. Pitisha mkono shingoni mwake uone kama kamba imemkata. Uliza kadi yake ya chanjo ilipo. Kisha tazama chombo chake cha maji, na ukikikuta kikavu, kijaze.