Tetemeko halisubiri kompyuta mpya

Na Ta Kaijage, Miembeni

SEISAN hailipiwi hata shilingi. Ni programu ya kuchambua matetemeko ya ardhi, imelelewa kwa zaidi ya miaka 30 katika Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, na majina yanayotajwa nayo zaidi ni ya Jens Havskov na Lars Ottemöller. Inasoma mawimbi yaliyonaswa vituoni, inamwezesha mchambuzi kuweka alama pale wimbi la kwanza na la pili yalipoingia, kisha inakokotoa kitovu, kina na ukubwa. Inakuja na msimbo wake wote, sehemu kubwa ukiwa wa lugha ya Fortran.

Kagera ina sababu nzito ya kuijua. Septemba 10, 2016, siku ya Jumamosi alasiri, mkoa ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu 17 walifariki kwa hesabu ya Serikali ya siku zile, mamia wakajeruhiwa, na shule za Ihungo na Nyakato zikafungwa kwa uharibifu wa majengo. Vipimo vilivyosambaa duniani vilitoka kwa USGS, taasisi ya jiolojia ya Marekani. Vilikuwa sahihi na vilisaidia, lakini mkoa uliozika watu wake unastahili kuwa na vijana wanaoweza kukaa Bukoba wakalichambua tetemeko hilo wenyewe.

Hapo ndipo kompyuta zilizopo zinapoleta shida. Nyingi ni za mtumba. Ukimpelekea fundi, atakwambia apige Windows 11, lakini mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo mashine nyingi za zamani hazina. Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025. Zilizowekewa Linux ya CentOS 7 zilifikia mwisho wa huduma Juni 30, 2024. Mashine zinawaka vizuri kabisa, ila dunia ya programu imeshahama.

Anayejaribu kuweka programu ya kisayansi iliyokompailiwa tayari, yaani iliyokwisha kugeuzwa kutoka msimbo kuwa lugha ya mashine, kwenye CentOS 7 hukutana na ujumbe mfupi unaokatisha tamaa: toleo fulani la GLIBC halikupatikana. GLIBC ni maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Linux huiegemea. CentOS 7 ina toleo la 2.17, na programu iliyotengenezwa kwenye mfumo mpya hudai kubwa zaidi. Sheria yake ni ya upande mmoja: kilichokompailiwa kwenye mfumo wa zamani kwa kawaida hukubali kwenye mpya, lakini kinyume chake hukwama. Watu wa lugha ya Python waliliona hilo mapema, wakawa wanatengeneza vifurushi vyao juu ya CentOS za zamani ili viingie kila mahali. Wengi wakiona ujumbe ule hujaribu kubadilisha GLIBC yenyewe. Wasiiguse! Ikivurugika, kompyuta nzima huweza kugoma.

Njia salama ni kuchukua msimbo na kuukompaili palepale, kwenye mashine hiyohiyo. Kikwazo cha kwanza ni kwamba ghala la vifurushi la CentOS 7 halijibu tena kwenye anwani yake ya kawaida. Limehamishiwa kwenye hifadhi ya matoleo yaliyostaafu, vault.centos.org, na inabidi kuhariri faili la anwani kwa mkono. Baada ya hapo unavuta kompaila ya gfortran pamoja na vifurushi vya kutengenezea vya X11, ambavyo SEISAN huvihitaji kuchora mawimbi kwenye skrini, unaingia kwenye folda ya PRO na kuandika “make all”. Kwa mwenye bando dogo hii ni nafuu kubwa, kwa kuwa msimbo ni mwepesi ukilinganisha na makontena ya Docker yanayofika gigabaiti kadhaa.

Na upya wa mashine hautibu kila kitu. Kompaila ya gfortran toleo la 10, iliyotoka mwaka 2020, ilianza kuhesabu kuwa kosa kutolingana kwa aina za vigezo, jambo ambalo matoleo ya nyuma yaliliacha lipite. Misimbo mingi ya Fortran ya zamani ikagoma kwenye kompyuta mpya kabisa, hadi anayekompaili aongeze -fallow-argument-mismatch. CentOS 7, yenye gfortran 4.8.5, haina ukali huo. Kwa hiyo ustadi wa kusoma kosa la kompaila na kutafuta chanzo chake unahitajika kwenye mashine mpya na kuukuu, na huo ndio vijana wetu hawafundishwi. Masomo ya kompyuta mara nyingi huishia Word na Excel.

Vyuo vya Bukoba na Muleba vinaweza kuanza na diski moja ngumu: vifurushi vya CentOS 7, msimbo wa SEISAN, msimbo wa GMT ya kuchorea ramani, na miongozo yake. Ikae maktaba, wanafunzi wanakili bila kuchoma bando. Kompyuta hizo zisifanyiwe miamala ya benki wala kuachwa wazi kwenye intaneti, maana hazipati tena marekebisho ya usalama. Kazi ya mawimbi zinaiweza bila mtandao.

Data ipo. Kituo cha Mbarara, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, na kile cha Kilima Mbogo, Kenya, vimo kwenye mtandao wa dunia wa vituo vya mitetemo, na rekodi za mtandao huo hutolewa bure kwa yeyote anayeziomba. Somo la kwanza liwe kuomba za Septemba 10, 2016, kuweka alama kwenye mawimbi mawili, na kukokotoa umbali kutoka kila kituo hadi kitovu.