Simu Inasingiziwa Kifo cha Duka la Vitabu

Kila Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi yanapofunguliwa, hotuba huwa ile ile. Afisa wa serikali hupanda jukwaani, husikitika kwamba Wakenya hawasomi, huilaumu simu, huwasihi wazazi wawanunulie watoto vitabu, kisha hushuka akaenda zake. Wanunue wapi, hasemi. Hotuba hiyo sasa inaudhi, kwa sababu anayeitoa anaiwakilisha serikali iliyomtoa muuza vitabu katika biashara ya vitabu. Maduka yetu hayakufa kwa uvivu wa msomaji. Yalikatiwa riziki kwa uamuzi wa ofisini uliopitishwa 2017, ukaanza kutekelezwa Januari 2018, na kila waziri aliyeingia Jogoo House, makao makuu ya Wizara ya Elimu, tangu hapo ameukuta mezani akauacha ulivyo.

Kwa waliosahau, au waliokuwa bado wanavaa sare: Serikali ya Mwai Kibaki ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, shilingi 650 ziliingia katika akaunti maalumu ya shule ya kununulia vitabu na vifaa vya kufundishia, iliyojulikana kama SIMBA. Walimu na wazazi wa kamati ya shule waliketi na orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, ile iliyoitwa Orange Book, yenye hadi vitabu sita kwa kila somo la kila darasa. Wakachagua, wakaenda mjini wakanunua. Mjini maana yake dukani. Duka la Kitale liliuzia shule za Kitale, la Voi likauzia za Voi.

Utaratibu ulioletwa wakati wa Waziri Fred Matiang'i uliyafuta hayo yote. Wachapishaji huomba zabuni kwa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Kitabu chenye alama za kutosha hushinda. Mchapishaji aliyeshinda hukipiga chapa, hukipakia kwenye lori na kukifikisha hadi mlango wa shule, halafu husubiri malipo kutoka serikalini. Katika mlolongo huo wote muuza vitabu hayumo, hata kwa kutajwa.

Sababu zilitolewa, na zisemwe. Baadhi ya walimu wakuu na wenye maduka walikula njama: risiti ikasoma vitabu mia, shuleni vikafika arobaini, tofauti ikagawanywa. Bei ilikuwa juu, na ununuzi wa pamoja uliishusha. Na mtoto wa Mandera au Turkana aliyekuwa akichungulia kitabu kimoja na wenzake watatu alipata chake. Hili la mwisho ni jema na sina la kulipinga. La ufisadi nalo ni kweli, ila anayedhani kwamba kununua kwa mkupuo kutoka Nairobi huzima wizi na aulize yaliyotokea KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa, mwaka 2020.

Tuje kwenye jambo lenyewe, ambalo sijawahi kusikia afisa yeyote akiligusa.

Duka la vitabu katika mji wa kaunti halikuwahi kuishi kwa riwaya. Liliishi kwa Hisabati ya darasa la sita. Mwenye duka alichukua vitabu vya kiada kwa mali kauli kutoka kwa wachapishaji kabla ya mwaka kwisha, akijua kwamba shule zitakuja, na wazazi watakuja, wakiwa na orodha mkononi. Punguzo alilopewa na mchapishaji ndilo lililokuwa faida yake. Vuta nikuvute ya Januari ililipa pango, leseni ya kaunti na mishahara ya wauzaji. Mwezi wa tano, shule zikifunguliwa tena, alipata kidogo. Mwezi wa tisa, kidogo zaidi. Miezi mingine yote alikaa nyuma ya meza akifukuza vumbi.

Lakini katika miezi hiyo ya vumbi mlango ulikuwa wazi. Kwa sababu pango lilikwisha kulipwa, aliweza kuweka rafu ambayo haikumdai chochote: riwaya, diwani, tamthilia, kamusi, misahafu na Biblia, hadithi za watoto zenye picha. Kitabu cha namna hiyo huweza kukaa miezi minane bila kuguswa, kisha siku moja mwalimu aliyekuja kulipia atlasi arobaini akakiona, akakifungua, akaondoka nacho. Shaaban Robert na Euphrase Kezilahabi walikuwa wapangaji wa bure katika maduka hayo. Aliyewalipia ni yule Hisabati wa darasa la sita.

Na mtoto je? Mtoto aliingia dukani kwa sababu mama alikuwa akinunua kitabu cha Sayansi. Hakuingia kwa kupenda vitabu. Aliingia kwa kuburutwa mkono. Humo ndani, mama akisubiri risiti, macho ya mtoto yalitembea. Siku hizi kitabu cha Sayansi kinamkuta darasani, kikiwa na mhuri kwamba ni mali ya serikali na si cha kuuzwa, na mwisho wa mwaka anakirudisha. Anaweza kumaliza shule nzima bila kuingia penye vitabu vya kuuzwa. Halafu akifika miaka ishirini tunamshangaa kwamba hajui kununua kitabu.

Uharibifu haukuishia kwa mwenye duka. Mchapishaji aliyekuwa na maduka mamia nchini aliweza kubahatisha. Angechapa riwaya ya mwandishi asiyejulikana, akajua kwamba kila duka litachukua nakala tano au kumi pamoja na mzigo wa vitabu vya shule, kwa kuwa mzigo ulikuwa unakwenda huko hata hivyo. Wakala wake alirudi na habari kutoka vijijini: hiki kinaulizwa, kile kimelala. Leo mnunuzi mkubwa ni mmoja, naye hanunui riwaya za watu wasiojulikana. Mchapishaji mwenye akili huandalia zabuni ijayo. Aliyeshindwa zabuni, hata kama kitabu chake kilipungukiwa alama moja tu, hana pa kukipeleka, kwa sababu shule haina fedha ya kuchagua na duka halina mteja wa kukiuzia.

Ingia leo katika duka lolote la mji mdogo ambalo bado lina kibao cha vitabu. Utakuta daftari, kalamu, karatasi za manila, mashine ya kutoa nakala, wakala wa M-Pesa, na rundo la vitabu vya marudio ya mitihani. Palipokuwa na riwaya pana mabegi. Mwenye duka si mjinga. Amefuata fedha zilikobaki.

Sasa turudi kwa hiyo simu. Hoja inasema ulimwengu umebadilika, watu wanasoma kwenye skrini, na duka la vitabu lilikuwa linakwenda zake tu. Ingekuwa hoja nzuri laiti serikali yenyewe isingekuwa inanunua vitabu vya karatasi kwa mamilioni kila mwaka. Karatasi ipo, wino upo, malori yapo, na mtoto wa Kenya bado anasoma Jiografia kwa kufunua kurasa. Kitabu hakikuhama. Kilichohamishwa ni njia yake.

Mwenye kutaka kuona duka lililouawa kweli na teknolojia aangalie maduka ya muziki. Mbwana Radio Service ya Mombasa ilirekodi na kuuza taarabu kwa miaka mingi, na vijana wa River Road, Nairobi, waliishi kwa kanda na baadaye sidii. Huko muziki wenyewe ulitoka kwenye kanda ukaingia simuni, na hakuna wizara ingeweza kuuzuia. Nimesikitika kama mwingine yeyote, lakini sina wa kumlaumu. Kwa vitabu ninaye.

Hata huko simu zinakotoka, simulizi halisomeki hivyo. Kampuni ya maduka ya vitabu ya Borders ilifungwa nchini Marekani mwaka 2011, na wengi wakaanza kulisomea hitima duka la vitabu. Kampuni ya Barnes & Noble, chini ya James Daunt aliyeanza kuiongoza 2019, ilifungua zaidi ya maduka 50 mapya mwaka 2024 pekee. Yaliyofungwa ni ya Amazon: maduka yake ya vitabu yaliyoanzia Seattle mwaka 2015 yalifungwa 2022. Ufaransa, tangu 1981, sheria inamzuia muuzaji yeyote kupunguza bei ya kitabu kipya kwa zaidi ya asilimia 5, ili mkubwa asimmeze mdogo. Nchi hizo zina simu nyingi kuliko sisi.

Na uvumilivu wangu unaishia hapa: kosa hili la kumruka muuza vitabu tulikwisha kulifanya. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Kenya ilinunua na kusambaza vitabu vya shule za msingi yenyewe, kupitia mpango wa vifaa vya shule uliokuja kuporomoka mwishoni mwa miaka ya themanini. Sera ya 1998 ndiyo iliyorudisha uchaguzi kwa shule na mauzo kwa maduka. Jirani zetu walijifunza somo hilo kwa uchungu zaidi. Shirika la Tanzania Elimu Supplies lilikabidhiwa usambazaji wa vitabu vya shule nchi nzima, likawa na madeni kwa wachapishaji, na maduka yakanyauka, hadi serikali ilipofungua soko miaka ya tisini. Kisha Tanzania nayo, katika muongo uliopita, ikaurudisha uandishi wa vitabu vya kiada kwa Taasisi ya Elimu. Mtu akiona watumishi wa umma wa nchi mbili wakirudia jambo lililowashinda baba zao, na hakuna hata mmoja aliyefungua faili la zamani, anaruhusiwa kupandisha sauti.

Madeni nayo yamerudi, kama ilivyotarajiwa. Mwanzoni mwa 2025 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walifungua shule vitabu vikiwa havijafika, huku wachapishaji wakiidai serikali mabilioni ya shilingi. Zamani shule ikichelewa kulipa, duka moja liliumia na mwenye duka akamfuata mwalimu mkuu hadi nyumbani. Sasa Hazina ikichelewa kulipa, darasa zima la taifa linakaa bila vitabu, na mzazi mwenye fedha mfukoni huenda hana hata duka la karibu la kukimbilia.

Juu ya hayo kuna kodi. Hadi 2013 kitabu hakikutozwa VAT. Sheria mpya iliyoanza Septemba mwaka huo ikakiwekea asilimia 16. Uingereza, ambayo tumeiga mambo yake mengi yasiyo na faida, haitozi kitabu hata senti. Kwa hiyo muuza vitabu aliyenyang'anywa mteja wake mkubwa anaambiwa awatafute wadogo, na hao wadogo awatoze ushuru kwa niaba ya aliyemnyang'anya.

Nairobi itapona. Text Book Centre ipo tangu 1964, duka la Nuria linauza kazi za waandishi wanaojichapishia wenyewe, na kwenye vijia vya katikati ya jiji wapo wauzaji wa inama, ambapo unainama ili kuchagua kwenye turubai. Lakini Nairobi si Kenya, na mwanafunzi wa Lodwar anayetaka kitabu cha pili, kisicho cha mtihani, hana budi kumwagiza dereva wa matatu.

Hakuna anayedai turudi kwenye risiti bandia. Zabuni na ibaki, bei ijadiliwe Nairobi kwa niaba ya shule zote, na kila mtoto apate kitabu chake. Linalohitaji kubadilika ni hatua ya mwisho: kitabu kiteremshwe kwa muuza vitabu aliyesajiliwa katika kaunti ndogo, shule ikichukue hapo, na mwenye duka alipwe kamisheni iliyotajwa wazi kwa kila nakala iliyothibitishwa na shule. Kuthibitisha si tatizo. Serikali hii humtumia mkulima ujumbe wa simu wenye namba yake ya kuchukulia mbolea ya ruzuku, na inajua amechukua mifuko mingapi. Inayoweza kuhesabu mifuko ya mbolea inaweza kuhesabu vitabu vya Sayansi.

Jibu la kawaida ni kwamba kamisheni itapandisha bei. Itapandisha kidogo, ndiyo. Ila lori linalotoka Nairobi hadi kila shule ya kila kijiji halitembei kwa maji, na gharama yake imo ndani ya bei tunayolipa sasa. Tofauti ni kwamba sasa fedha hizo zinaishia kwenye mafuta. Mkataba wa uchapishaji huweza kutaja unene wa karatasi, aina ya jalada na namna ya kushona kurasa. Unaweza pia kutaja duka.