Ugonjwa Unaomsubiri Mfanyakazi Astaafu

Mfanyakazi akikatwa kidole na mashine, kiwanda kizima hupata habari siku ile ile. Mashine husimamishwa, majeruhi hukimbizwa hospitalini na taarifa huandikwa. Lakini yule avutaye mvuke wa gundi au vumbi la ngozi kwa miaka 10 hatoki damu. Jioni hurejea nyumbani akiwa mzima, mwisho wa mwezi hupokea mshahara wake, na siku ya kustaafu huagwa kwa heshima. Saratani itokanayo na kazi huchukua miaka 10, 20, hata 40 kabla ya kujitokeza. Inapojitokeza, mwajiri hayupo tena, wafanyakazi wenzake wametawanyika, na mgonjwa mwenyewe haoni uhusiano wowote baina ya maradhi yake na kazi aliyoifanya ujanani.

Jambo hili linauhusu mji wetu wa Morogoro kuliko miji mingi nchini. Katika miaka ya 1970 na 1980 Taifa liliamua kuufanya mji huu ulio chini ya milima ya Uluguru kuwa mji wa viwanda. Vikajengwa viwanda vya ngozi, viatu, nguo, turubai na magunia, na vijana kutoka Matombo, Mgeta, Kilosa na mikoa ya mbali wakaja kuajiriwa. Vingi kati ya viwanda hivyo vilibinafsishwa au kufungwa baadaye, na vingine vikaanza upya chini ya wenyewe wapya. Waliokuwa vijana siku zile sasa ni wazee. Ikiwa kazi ile iliacha kitu ndani ya miili yao, basi wakati wake wa kuonekana ndio huu.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza jinsi watu waliosafisha dohani tangu utotoni walivyopatwa na saratani ya ngozi ya korodani kwa sababu ya masizi. Mwaka 1895 daktari Ludwig Rehn wa Frankfurt, Ujerumani, alitoa taarifa ya saratani ya kibofu miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Na katika miaka ya 1970 daktari Muzaffer Aksoy wa Istanbul, Uturuki, alionyesha kwamba mafundi viatu waliotumia gundi yenye benzini, tena katika vyumba visivyo na hewa ya kutosha, waliugua saratani ya damu kuliko watu wengine. Mafundi wale hawakuwa na tofauti na fundi wa kwetu.

Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Afya Duniani, linaviweka katika kundi la vitu ambavyo bila shaka huleta saratani kwa binadamu: benzini, asbesto, vumbi la ngozi, vumbi la mbao, na tangu mwaka 2017 moshi wa kuchomelea vyuma. Benzini hushambulia uboho ndani ya mifupa, mahali ambapo damu hutengenezwa. Vumbi la ngozi na la mbao huleta saratani ya pua. Msomaji ataona mara moja kwamba orodha hii haiishii kwenye viwanda vikubwa. Inamgusa fundi wa samani, mchomeleaji wa mageti na mshona viatu aliyeinamia kopo la gundi tangu asubuhi hadi jioni.

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu, wala kuwafukuza wenye mitaji. Morogoro inahitaji viwanda. Si kila aliyefanya kazi kiwandani atapata saratani, na si kila saratani ya mfanyakazi imetokana na kazi. Lakini kiasi cha sumu anachokipokea mtu, na muda anaokaa nacho, ndivyo viongezavyo hatari. Vitu hivyo viwili vimo katika uwezo wa uongozi wa kiwanda kuvipunguza.

Ipo desturi ya miaka mingi ya kuwagawia maziwa wafanyakazi wanaoshika kemikali, kwa imani kwamba maziwa husafisha sumu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii mvuke kuingia mapafuni. Vivyo hivyo, kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke wa benzini. Kinga ya kweli ina utaratibu wake. Kwanza ni kuiacha kemikali ya hatari na kutumia nyingine iliyo salama zaidi. Pili ni kuifungia ndani ya mtambo, au kuweka feni za kuvuta mvuke na vumbi pale pale vinapotokea. Vifaa vya kujikinga vya mfanyakazi huja mwisho, navyo viwe vinavyolingana na hatari yenyewe. Kiwanda kinachoanza na barakoa na kuishia hapo hakijafanya wajibu wake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika jambo hili maneno yao ni kweli tupu. Vumbi la asbesto limewahi kuwaua wake wa wafanyakazi katika nchi nyingine kwa sababu tu walifua nguo za waume zao. Nguo za kazi zibaki kazini na zifuliwe huko, na mfanyakazi apewe mahali pa kuoga kabla ya kurudi kwa watoto wake. Pia maji machafu ya viwanda yasielekezwe katika mto Ngerengere, ambao huchukua maji ya Uluguru na kuyapeleka Ruvu, na kutoka Ruvu hunywewa na wakazi wa Dar es Salaam.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri ampime mfanyakazi kabla ya kumwajiri na mara kwa mara akiwa kazini. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kudhibiti kemikali za viwandani na majumbani, na mwaka 2008 ikaja Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Hizi ni hatua kubwa, nasi tunazipongeza.

Hata hivyo, pengo moja linatutia wasiwasi. Sheria ya fidia humsaidia anayeweza kuonyesha kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi. Je, mzee aliyechanganya rangi za nguo mwaka 1985 ataonyesha nini? Kiwanda kilikwisha badili mikono, makabati yake yamehamishwa, na majina ya kemikali alizozishika hakuambiwa kamwe. Bila kumbukumbu, haki yake ni ya maneno matupu. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi kuhusu saratani itokanayo na kazi, Namba 139 wa mwaka 1974, uliliona jambo hili mapema. Unataka pawepo utaratibu wa kutunza kumbukumbu, wafanyakazi waelezwe hatari zilizopo, na wapimwe wakiwa kazini na hata baada ya kuacha kazi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila kiwanda kinachotumia kemikali za hatari kiwe na daftari la mfanyakazi mmoja mmoja, likionyesha alishika nini na kwa muda gani, na nakala yake itunzwe na chombo cha umma kwa miaka isiyopungua 40, ili kiwanda kikifungwa daftari lisifungwe nacho. Pili, waliofanya kazi katika viwanda vya zamani vya Morogoro waandikishwe na kupimwa wangali hai, kwani wao ndio ushahidi uliobaki. Tatu, madaktari wetu, toka zahanati hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, wasiishie kumwuliza mgonjwa anafanya kazi gani. Wamwulize pia alifanya kazi gani miaka 20 na 30 iliyopita, kisha waandike jibu.

Wafanyakazi nao wana wajibu wao. Wawachague wawakilishi wa usalama na afya ambao sheria inawaruhusu, wadai kusomewa maandishi yaliyo juu ya mapipa ya kemikali kwa lugha wanayoielewa, na vyama vyao viyapiganie haya kwa nguvu ile ile vinayotumia kupigania mishahara.

Mfanyakazi hukipa kiwanda nguvu zake kwa miaka 30 na kulipwa ujira kwa ajili hiyo. Hakuna mkataba wowote wa kazi unaosema kwamba atakipa na mapafu yake. Wenye viwanda na wakaguzi wa Serikali walizingatie hilo leo, ili kijana anayeajiriwa mwaka huu asije akaupokea ugonjwa pamoja na kiinua mgongo chake.