Ngamia Mfu na Uhai wa Ngano

Aghalabu tunapoulizwa ngano ziko wapi siku hizi, sisi wanafunzi wa fasihi simulizi hujibu kwa masikitiko kwamba zilizikwa pamoja na nyanya zetu. Naona jibu hilo si la kweli. Ngano zimehamia mahali ambapo tunaona haya kupatazama: kwenye michezo ya simu.

Likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani Bute, kaunti ya Wajir, nilimkuta mpwa wangu ameinamia simu akicheza Minecraft, mchezo wa Kiswidi uliotolewa rasmi mwaka wa 2011. "Abti, nasubiri radi," aliniambia. Alikuwa akimtafuta farasi wa mifupa mitupu, ambaye huonekana kwa nadra wakati wa mvua ya radi. Mchezaji akimkaribia, radi hupiga, na farasi mmoja huwa wanne, kila mmoja amepandwa na kiunzi cha mtu chenye upinde. Anayewashinda wapandaji hao hujitwalia vipando vyao. Yuko pia farasi aliyeoza, ambaye kwa miaka mingi hakutokea mwenyewe mchezoni. Tangu Desemba 2025 huzuka usiku mbugani, na jangwani akaongezwa ngamia mfu mwenye wapandaji wawili.

Je, msomaji mpenzi, ni kipi kinachokosekana hapa ili iwe ngano? Shujaa yupo, safari ipo, mtego upo, mazimwi yapo na tuzo ipo. Usiku ule mpwa wangu aliwasimulia nduguze, nao wakamsikiliza kimya. Dosari ilikuwa moja tu: kila kiumbe alikuwa na jina la Kiingereza, ilhali Kiswahili hakina upungufu. Mzimu haufai, kwani hauna mwili. Lakini Watanzania wana msukule, maiti anayetembea na kutumikishwa. Kwa nini tusiseme farasi msukule, na ngamia msukule?

Wapo watakaosema huu ni upuuzi. Nawaelewa, maana ngamia aliyekufa si mzaha kwetu. Kati ya mwaka wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikatika mfululizo, na mizoga ikalala kando ya barabara. Mpwa wangu aliwahesabu ngamia wa babu yake mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo alipomwonyesha mzee yule ngamia wa simuni, nilihofia angekemewa. Mzee alitazama kwa muda, akauliza: "Amekufa, na bado anapandwa?" Akajibiwa ndiyo. "Huku kwetu ngamia akifa, mwenyewe hutembea kwa miguu."

Kisha, bila kuombwa, mzee akaanza kusimulia hadithi ya msafiri aliyepotea nyikani na mnyama aliyemrudisha nyumbani. Sikuwahi kuisikia, licha ya kwamba yeye ni babangu na mimi ndiye msomi wa ngano. Ilichokozwa na mtoto mwenye simu.

Basi rai yangu kwa wanachama wenzangu ni hii: tuendapo nyanjani kukusanya ngano, twende kwa wazee kama ilivyo ada, lakini tumkalishe pia mtoto kando yao, na simu yake mkononi. Tumpe maneno ya Kiswahili ya kusimulia alichokiona, kisha tunyamaze, turekodi.